Nyuzi mbili za shanga: shajara ya kijitabu cha kisukari cha watoto, Dodoma

Wiki ya 1, Alhamisi jioni

Tumeanza. Watu watatu, kaunta buku moja na chupa ya chai: mimi wa maabara, Sista wa kliniki ya watoto, na Mwalimu, mstaafu anayeishi Kikuyu hapa mjini, aliyefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi na ambaye mjukuu wake anachomwa insulini tangu darasa la pili. Tunataka kutoa kijitabu cha kurasa 16 pamoja na bangokitita la kufundishia wazazi wanaoleta watoto wenye kisukari aina ya kwanza kwenye kliniki yetu ya Alhamisi. Vijitabu vya kuchoma sindano na kupima sukari vipo, tena vizuri. Hiki chetu kijibu swali moja ambalo vile hukwepa: sukari ya huyu mtoto imetoka wapi?

Chanzo chake ni benchi. Mwezi uliopita mama mmoja wa Bahi alikuwa amekaa nje akisubiri zamu, mtoto kamlalia mapajani, wifi yake pembeni. Wifi akasema, wala si kwa kunong'ona, "Kwetu sukari hakuna. Hii mmekuja nayo ninyi." Mama hakujibu. Alikuwa anakunja pindo la kanga na kulikunjua, anakunja na kulikunjua. Sista akaniita nitoke nikaeleze. Nikatoka, nikaanza na kromosomu ya sita. Wifi alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo daktari, ni ya kwao."

Fedha: za mifukoni mwetu. Muda: kabla ya Krismasi.

Wiki ya 2, Jumamosi

Tumekutana kwa Mwalimu, chini ya mwarobaini, upepo wa Septemba ukitupiga vumbi hadi vikombe vikafunikwa kwa visahani. Saa tatu zimeliwa na maneno mawili.

La kwanza ni kurithi. Mwalimu hakubali litumike peke yake. Hoja yake: ukirithi ng'ombe, ng'ombe yupo zizini, unamwona. Mtu akisikia "kisukari hurithiwa" anaona mtoto amekabidhiwa ugonjwa mzima mzima, na aliyemkabidhi yupo, anajulikana, na kikao cha ukoo kinaweza kumwita. Kumbe kinachoshuka kwa damu si ugonjwa. Ni wepesi wa kuupata. Tukakubaliana: kijitabu kizima kitasema "wepesi wa kuugua". Nilikuwa nimeandika "uathirikaji wa kijenetiki". Mwalimu alilisoma kwa sauti mara mbili, polepole, halafu akaniuliza kama nimewahi kumsikia mtu akilitamka sokoni.

La pili ni "ugonjwa wa kinga kujishambulia". Sista alilijaribu Alhamisi kwa baba mmoja wa Kongwa, naye akaruka kwenye kiti: "Mtoto wangu kajishambulia lini?" Alidhani tunamwambia binti yake alijidhuru. Tumelifuta. Limewekwa "askari wa mwili wamekosea adui". Mimi askari siwapendi, kila kipeperushi cha afya nchi hii kina askari, lakini nimeshindwa kura mbili kwa moja.

Ukurasa wa 3 umeandikwa papo hapo. Ndani ya kongosho kuna visiwa vidogo vya seli, na kwenye visiwa hivyo ndiko zilipo seli beta zinazotengeneza insulini. Chembe T za kinga huzivamia, polepole, miezi au miaka, mtoto akiwa anacheza na kula kama kawaida. Dalili yake kwenye damu ni kingamwili za kuelekea vitu vya mwili wenyewe: insulini, na protini nyingine ziitwazo GAD, IA-2 na ZnT8. Kiu na mikojo huja mwisho, seli beta zikiwa zimebaki chache. Hapo wazazi wengi huanza kutafuta kilichotokea juzi: aliogopa mbwa, alikula pipi, alilala njaa. Kilichotokea hakikutokea juzi.

Wiki ya 3, Jumatano usiku

Ukurasa wa 6 ndio mgumu kuliko yote, nimeuandika mara nne. Ni wa HLA, lile eneo la kromosomu ya sita lililomshinda wifi, au tuseme lililonishinda mimi.

Nimepata picha ya kiganja. Baadhi ya seli za kinga hubeba juu yake protini zenye umbo la kiganja kilichokunjwa kidogo. Kiganja kinashika kipande cha protini, kinakiinua, chembe T inapita inakikagua: cha nyumbani hiki au cha mgeni? Umbo la kiganja linatokana na jeni za HLA ulizopewa na wazazi, na watu hutofautiana sana hapo, pengine kuliko sehemu nyingine yoyote ya vinasaba. Viganja vingine hushika vipande vya insulini kwa namna inayomchanganya mkaguzi. Tofauti yenyewe inaweza kuwa ndogo ya kushangaza. Mwaka 1987 John Todd, John Bell na Hugh McDevitt walionyesha kwamba kwenye mnyororo mmoja wa kiganja kiitwacho DQ, nafasi ya 57 peke yake ina uzito: ikikaliwa na kijenzi cha protini kiitwacho asidi aspatiki mtu huwa na nafuu, ikikaliwa na kitu kingine wepesi unaongezeka. Nafasi moja! Nimekaa maabara miaka 11 na bado hilo linanifanya niweke kalamu chini.

Halafu ule mkaguzi, chembe T, anafundishwa wapi? Kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Nikaandika: thaimasi ni jando la chembe T. Zinaingia nyingi, zinaonyeshwa vitu vya nyumbani, ile inayonyanyua panga dhidi ya cha nyumbani haitoki. Sista akasoma akasema, "Na mabinti nao wanaenda jando?" Mwalimu yeye akasema jandoni hakuuawi mtu, tusiwatishe watoto wa Kigogo. Limebaki jando, ila "haitoki" imekuwa "haihitimu".

Hapo ndipo inapoingia jeni ya insulini yenyewe, kromosomu ya 11. Kando yake kuna kipande kinachojirudia: kwa wengine kifupi, kwa wengine kirefu. Mwenye kirefu huonyesha insulini kwa wingi zaidi ndani ya thaimasi, kwa hiyo chembe zenye uadui nayo hukamatwa mapema. Mwenye kifupi, chache hupenya. Nimeipenda hii kwa sababu haina "jeni mbaya" yoyote ndani yake. Ni suala la somo limefundishwa kwa msisitizo kiasi gani.

Maeneo mengine ya vinasaba yaliyohusishwa na ugonjwa huu yanapita 60. Hayo nimeyapa sentensi moja. HLA peke yake hubeba karibu nusu ya wepesi wote unaorithiwa, mengine yanagawana makombo.

Wiki ya 4, Jumatatu

Umeme umekatika mchana kutwa. Hakuna kilichochapwa.

Wiki ya 4, Ijumaa

Wazo la Sista: shanga. Nimeenda soko la Majengo, nimetumia shilingi elfu kumi na mbili, nimerudi na mafungu manne na uzi wa nailoni. Wauza shanga walidhani nanunulia kikundi cha ngoma.

Mpango wenyewe ni huu. Kila mtu ana nyuzi mbili za HLA, mmoja wa baba, mmoja wa mama. Akizaa, humpa mtoto uzi mmoja tu kati ya miwili yake, na kwa kawaida uzi hushuka mzima bila kukatika, shanga zote zikiwa kwenye mpangilio uleule. Mama ana mfuko wake, baba ana wake. Mzazi anafumba macho, anavuta mmoja huku, mmoja kule, anazifunga pamoja: huyo ndiye mtoto. Ukirudia, watoto wa tumbo moja wanatoka wa namna nne. Ndiyo maana mtu na ndugu yake huwa na nafasi moja kati ya nne ya kufanana nyuzi zote mbili, na moja kati ya nne ya kutofanana hata mmoja. Tumekaa ofisini tunavuta shanga kama watoto hadi mlinzi akaja kuuliza kama tunafunga.

Wiki ya 5, Alhamisi

Jaribio la kwanza la shanga mbele ya wazazi. Limeharibika, na kosa ni langu.

Nilikuwa nimeweka uzi mwekundu, ule wa wepesi, kwenye mfuko wa mama. Kwa nini wa mama? Kwa sababu fungu jekundu lilikuwa moja, na mfuko wa mama ndio uliokuwa karibu na mkono wangu. Baba mmoja alivuta, ukaja mwekundu. Akaunyanyua juu, akaugeuza upande wa mke wake, halafu akaegemea kiti. Hakusema neno. Wanaume wengine wawili wakatikisa kichwa. Nikaona maneno ya wifi wa Bahi yamesimama pale mezani, safari hii yametungwa kwa shanga na mtu mwenye koti jeupe.

Sista alikatisha somo, akagawa maji ya kunywa.

Nimerudi maabara nikiwa na hasira na nafsi yangu, kwa sababu ukweli niliuficha bila kukusudia. Katika tafiti nyingi zilizofanyika kwa watu wenye asili ya Ulaya, walio na wepesi mkubwa kuliko wote si wenye uzi mmoja mbaya. Ni wale wenye aina ya HLA iitwayo DR3 upande mmoja na iitwayo DR4 upande wa pili: uzi mmoja kwa baba, mmoja kwa mama. Pande zote mbili zimeweka mkono. Kesho naenda Majengo kununua rangi ya chungwa.

Wiki ya 5, Jumamosi

Mifuko mipya. Wa mama: mwekundu (DR3) na mweupe. Wa baba: wa chungwa (DR4) na wa bluu. Na Sista amesisitiza tuongeze kijani kwa mzunguko wa pili, yaani uzi wenye aina ya jeni ya HLA iitwayo DQB1*06:02, ambao huzuia hata ukiwa umeshuka pamoja na mwekundu. Mtoto mwenye kijani kupata ugonjwa huu ni nadra. Wazazi wasikie kwamba urithi nao unakinga, kwa sababu hilo hakuna anayewaambia.

Nimeongeza na hesabu mbili. Ya kwanza: hata wale watoto wa Ulaya na Marekani wenye nyekundu na chungwa pamoja, ambao ndugu zao hawaumwi, karibu 1 kati ya 20 ndiye hupata ugonjwa kabla ya kufika miaka 15. Waliobaki 19 wanatembea na nyuzi hizohizo na hawajui. Ya pili: kati ya watoto 10 wenye kisukari aina ya kwanza, 8 au 9 hawana mzazi wala ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huo. Kwa hiyo "kwetu hakuna" ya wifi huenda ilikuwa kweli tupu. Tena huenda na kwa mama nako hakuna. Na yule babu wa Kondoa anayetajwa kila mara kuwa "alikuwa na sukari", aliyeanza kuumwa akiwa na miaka 60 na akatumia vidonge, huyo ni ugonjwa mwingine wenye jina linalofanana.

Tumebishana kuhusu hesabu ya tatu. Huko Ulaya, mtoto wa baba mwenye aina ya kwanza hupata ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko mtoto wa mama mwenye ugonjwa huo, karibu 6 kwa 100 dhidi ya karibu 3. Sista alitaka iingie, nadhani mnajua kwa nini. Mwalimu akasema tutakuwa tumempokonya wifi fimbo tukamkabidhi mke. Imeachwa nje.

Wiki ya 6, Alhamisi

Leo nimetunza ukurasa mzima kwa ajili ya bibi mmoja wa Chamwino.

Amekuja na wajukuu wawili, pacha, wasichana wa miaka tisa. Tuwaite Kulwa na Doto. Wanafanana hata bibi mwenyewe anawatofautisha kwa kovu la Doto kwenye nyusi. Kulwa ana kisukari tangu mwaka juzi, Doto hana. Hadithi ya Kulwa ni ile tunayoijua sote: alianza kukojoa kitandani baada ya kuacha miaka mingi, akakonda, akatibiwa malaria, halafu U.T.I., akafikishwa wodini anahema kama aliyekimbia, pumzi inanuka matunda. Mtu fulani huko kijijini amemwambia bibi kwamba Doto ndiye "aliyemnyonya" mwenzake. Tangu hapo Doto hali sahani moja na Kulwa.

Bibi alizishika shanga muda mrefu kuliko mzazi yeyote. Alivuta, akafunga, akalinganisha. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, hawa wamevuta nyuzi zilezile."

Nikasema ndiyo bibi, kama ni pacha wa yai moja, nyuzi zilezile, na zile nyingine zote.

"Sasa mbona mmoja?"

Sikuwa na jibu la mstari mmoja, nikampa nililonalo. Kwamba pacha wa yai moja wakifuatiliwa kwa miaka, mara nyingi yule wa pili hukaa muda mrefu bila ugonjwa, na wengine hawaupati kabisa, ingawa kadiri umri unavyosonga wanaoupata huongezeka. Kwamba chembe T hujiunda kwa kubahatisha ndani ya kila mwili, hata wa pacha, kwa hiyo jando la Kulwa na jando la Doto havikuwa na wanafunzi walewale. Kwamba kuna virusi vinavyotuhumiwa, hasa vya jamii ya enterovirusi, ila tuhuma si hukumu. Kwamba hakuna alichomfanyia mwenzake.

Bibi alifikiri. Wakati huo Doto alikuwa amechukua uzi wa bluu anauvaa mkononi. Bibi akasema, "Basi wazazi wamewapa shamba. Mvua hawakuwapa wao."

Mwalimu, ambaye alikuwa amekuja kumleta mjukuu wake, alitoa kalamu mfukoni. Imeingia ukurasa wa 9, kwa maneno yake hasa, bila kuguswa. Dodoma mtu haelezwi mara mbili kwamba shamba si mavuno.

La kufanya kwa Doto: kipimo cha kingamwili si cha kawaida hapa kwetu, kwa hiyo tumemfundisha bibi anachoweza kukifanya. Kiu isiyokatika, mikojo mingi, kulowesha kitanda upya, kukonda huku anakula: akiona hata viwili, apime sukari siku hiyohiyo kwa mashine ya Kulwa, asisubiri Alhamisi. Tukamwonyesha kupima hapohapo. Doto alitoa kidole mwenyewe. Sukari ikasoma 5.1, ya kawaida. Kulwa akaitazama ile namba, nikatamani nisingemwona anavyoitazama.

Wiki ya 8, Jumapili

Nimekaa wiki mbili bila kuandika kwa sababu kijitabu kimepasuka katikati.

Nilikuwa nahakiki ukurasa wa 5, unaomwambia mzazi: "Askari wa mwili wa mtoto wako wamekosea adui." Nikarudi kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofanyika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, kwa watu walioanza kuugua wakiwa wadogo au vijana na wakatajwa kuwa na aina ya kwanza. Nilikuwa nimesoma muhtasari tu. Safari hii nimeusoma wote. Karibu theluthi mbili yao hawakuwa na kingamwili zile hata moja, na wepesi wao wa kijeni ulikuwa mdogo kuliko wa wale waliokuwa nazo. Yaani wana upungufu wa insulini wa kweli, wanahitaji sindano kweli, lakini inaelekea si kinga iliyokosea adui. Ni kitu kingine.

Tanzania haikuwemo. Lakini mimi siwezi kumwandikia mama wa Mpwapwa "askari wa mwanao wamekosea" nikiwa najua hilo na nikiwa sijampima.

Nimelichukua jambo hili kwa Mwalimu. Yeye kama kawaida alianza mbali: Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920 iliyowamaliza Wagogo, je, njaa haiwezi kubaki kwenye damu? Nikamwambia mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limekitambua kisukari kinachotokana na utapiamlo na kukiita aina ya 5, lakini hilo lina kijitabu chake, si hiki. Hakufurahi. Sista hofu yake ilikuwa ya karibu zaidi: mzazi akisikia "huenda si aina ya kwanza" ataacha insulini aende kwenye majani. Tumeshawahi kumpoteza mtoto namna hiyo, sitaandika zaidi ya hapo.

Kwa hiyo ukurasa wa 5 umeandikwa upya. Unasema watoto wengine kinga yao imekosea adui, wengine chanzo ni tofauti na wataalamu wanakifuatilia. Na chini, kwa herufi kubwa kuliko zote kijitabuni: HATA KIPIMO CHA KINGAMWILI KISIPOONYESHA KITU, MTOTO ASIACHE INSULINI.

Wiki ya 8, Jumatano

Bado shanga. Nikishafungua mlango mmoja wa Afrika, na wa pili ukafunguka.

Uzi wetu mwekundu tuliuita DR3. Lakini DR3 ziko mbili. Ile iliyozoeleka Ulaya, DRB1*03:01, ndiyo ya wepesi. Kuna nyingine, DRB1*03:02, inayopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, nayo hukinga. Jina la ukoo moja, tabia zimeachana. Na DR7, ambayo kwa Wazungu haina neno, kwetu ipo iliyoungana na shanga nyingine za DQ na ikawa ya wepesi. Kinyume chake, lile badiliko la jeni nyingine, PTPN22, linalotajwa sana Ulaya ya kaskazini, kwa Waafrika ni nadra. Vipimo vya kujumlisha alama za wepesi vilivyotungwa kwa damu ya Wazungu hupungua nguvu vikiletwa kwetu, hadi watafiti wakatengeneza vingine mwaka 2019 kwa kutumia watu wenye asili ya Afrika waishio Marekani.

Kwa nini nayaandika haya yote wakati hayataingia kijitabuni? Kwa sababu jana kijana wa mafunzo kwa vitendo aliniuliza kwa nini nisiandike tu "DR3 ni mbaya" kama ilivyo kwenye kitabu chake cha chuo.

Tulichobadilisha: rangi hazina majina tena. Mfuko umekuwa mkubwa, nyuzi nane badala ya nne, rangi zikichanganywa kwa baba na kwa mama, maana Waafrika ndio wenye vinasaba vya aina nyingi kuliko wote, na mfuko wenye rangi nne ulikuwa mfuko wa kuazima. Zile hesabu za 1 kati ya 20 zimebaki, zikiwa na maneno "kwa watoto wa Ulaya na Marekani" mbele yake. Kwetu tumeweka namba moja tu: utafiti wa miaka 10 uliofanyika Dar es Salaam, 1982 hadi 1991, uliohesabu wagonjwa wapya 1.5 kwa kila watoto na vijana 100,000 kwa mwaka. Ufini hupita 50. Sista akaniambia niandike pembeni kwamba mtoto aliyekufa akitibiwa malaria hakuhesabiwa. Nimeandika.

Wiki ya 10, Jumanne

Steshenari. Nakala 150, karatasi za kawaida, jalada gumu kidogo. Mchapaji alitoa nakala ya mfano yenye "kongosho" imeandikwa "korosho" kurasa tatu. "Seli beta zipo ndani ya korosho." Mwalimu amecheka hadi akakohoa. Limerekebishwa, na nakala ya korosho ameichukua yeye kwenda nayo nyumbani.

Wiki ya 12, Alhamisi

Mvua imenyesha usiku, ya kwanza ya maana. Benchi lilikuwa limeloa, watu wamesimama.

Mama wa Bahi amekuja. Wifi naye yupo, na mtoto, ambaye siku hizi anajichoma mwenyewe tumboni huku anaongea. Sista aliwaita ndani, akawapa mifuko. Mama hakutaka kuvuta. Wifi akasema atavuta yeye kwa niaba ya kaka yake, mfuko wa baba.

Akafumba macho. Ukaja mwekundu.

Akaurudisha, akautikisa mfuko, akafumba tena. Mwekundu.

Tulinyamaza wote. Niliangalia sakafu. Mtoto ndiye aliyecheka: "Shangazi, vuta tena!"

Wifi alivuta tena, ukaja mweupe. Hakuurudisha. Aliuweka juu ya meza, akautoa na ule mwekundu akauweka kando yake, akazitazama zote mbili, kisha akausogeza mfuko wa pili mbele ya mama. "Haya wifi, na wewe vuta."

Zimebaki nakala 112. Uzi wa nailoni wa kijani umekatika, shanga sita zimeingia chini ya kabati. Kununua: nailoni, mfuko wa kitambaa kizito, betri za mashine ya bibi wa Chamwino.